Filamu za Mama

Jumapili mchana, katika fleti yetu ya Walthamstow, ughaibuni, kazi yangu ilikuwa kumtafsiria mama filamu. Alipenda za upelelezi, na kutazama kimya hakuweza: aliwagombeza wauaji, akawaonya watu wasifungue milango. Mimi nilitafsiri nikipunguza makali. Matusi niliyaruka yote, kwani Kiingereza hakujua, au ndivyo nilivyoamini.

Siku moja nilikodi kanda ya Kimarekani, ya miaka ile watu weusi wa kusini walipokuwa wakidai haki zao. Kanisa limechomwa, kijana ameuawa, wapelelezi wawili wanapita nyumba kwa nyumba, na mji mzima eti haujaona kitu. Ningejua ina moto nisingeichukua. Wiki hiyohiyo duka lililotazamana na dirisha letu lilikuwa limeungua.

Mwenye duka alikuwa Singasinga wa Nairobi, aliyezungumza Kiswahili na mama na kumchagulia tangawizi. Mtu alipenyeza kitambaa kinachowaka kwenye tundu la barua mlangoni. Ilikuwa alfajiri, mtaa wote umelala isipokuwa mama aliyeamka kusali. Singasinga alikuja kwetu mikono imefungwa bendeji.

"Mama, wewe huamka mapema. Hukuona mtu?"

"Sikuona kitu, baba," alisema mama, akamtilia chai.

Alipoondoka, mama akaniambia amemwona: yule kijana wa nyumba ya pembeni. Nisithubutu kufungua mdomo. Nilikasirika sana, ingawa nilijua hofu hiyo ilianzia wapi. Baada ya mapinduzi, kule kwetu Unguja, askari walikuja kumchukua baba, na tangu hapo mama aliamini kwamba anayesema ndiye anayefuatwa. Polisi hawakuwa na shahidi mwingine.

Sasa kwenye filamu bibi mmoja akachungulia dirishani, akavuta pazia. Mpelelezi akamgongea.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Kasema hakuona kitu."

"Muongo mkubwa! Kaona huyo! Ndivyo walivyofanya majirani zetu siku ile babako anatolewa. Wote wako madirishani, na hata mmoja hakuona!"

Kisha akageuka kutazama dirisha letu. Mimi nikakodolea macho televisheni, sikuthubutu kumgeukia. Mpelelezi alishukuru akaenda zake. Ng'ambo ya barabara, mbao zilizozibia madirisha ya duka zilionekana kupitia pazia letu.

"Zima," mama akasema. "Kesho unipeleke polisi. Na usinipunguzie maneno kama unavyonipunguzia hizi filamu. Unadhani mie mjinga?"

Kituoni alivaa mtandio wake wa Idi. Afisa aliandika taratibu, nami nikatafsiri kila neno: kitambaa, moto, koti alilovaa kijana. Mwisho akauliza mama ana hakika gani kuwa ni yeye, maana kulikuwa bado giza.

"Mwambie moto ulimmulika," mama akasema. "Akainua uso, akaniona pale dirishani. Halafu akaniita…"

Hakunisubiri. Alimtazama afisa usoni akalitamka mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka: lile tusi la kuwatukania watu weusi nililolirukaruka Jumapili zote.

Afisa akainua kalamu, akanitazama mimi. Sikuwa na la kutafsiri. Wiki nzima mama alikuwa akipita mbele ya nyumba ile ya pembeni kwenda sokoni, peke yake, na hakuniambia kwamba kijana yule naye alimwona.