Fundi Bile na Mguu Usiokunjika

Saa moja kasorobo asubuhi, jua la Isiolo bado halijashika ukali wake, na Bile Warsame amelala chali ndani ya gari dogo la kijani, kichwa chini ya usukani, miguu nje. Anakata. Msumeno wa chuma unalia juu ya faiba ya bodi, na vumbi jeupe linamwangukia kwenye ndevu kama unga.

Anakata ukuta wa mbele, pale miguu ya dereva inapoishia. Kila baada ya muda anaacha msumeno, anaingiza kijiti chenye alama ya mkaa, anatikisa kichwa, kisha anaendelea.

"Huyu mtu alichora hii gari alikuwa mfupi, wallahi," anasema bila kutoa kichwa nje. "Ama hakuwa na miguu kabisa."

Bile ana umri wa miaka arobaini na tisa na ni fundi wa kuchomelea katika mtaa wa Wabera. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, akapewa makao Isiolo baada ya vita, akazikwa hapa hapa. Siku njema Bile hupata shilingi arobaini. Mwaka huu wa 1984 siku njema ni chache, kwa maana ukame umemaliza mifugo, na mtu aliyepoteza ng'ombe hana haja ya kutengenezewa geti.

Kwa kazi hii hachukui hata senti. Ukimuuliza sababu anajifanya hakusikia. Lakini Isiolo ni mji mdogo, na sababu yenyewe hupita mbele ya karakana yake kila siku ikichechemea kuelekea msikitini.

Sababu hiyo ni Golicha Arero, Mborana mrefu ambaye kwa miaka kumi na minne aliendesha lori la mifugo kati ya Garbatulla na Isiolo. Mwaka 1978, akiteremka kwenye laga moja, mto mkavu wa mchanga, na shehena ya mbuzi, alikanyaga breki na breki ikazama hadi sakafuni. Chini mchangani kulikuwa na akina mama na watoto wakichimba maji. Golicha akakata usukani, akalipeleka lori ukingoni, likagonga mwamba.

Hakufa mtu. Mbuzi walikufa, na goti la kushoto la Golicha likasagika. Walimtibu kadiri walivyoweza, ila mguu ukabaki umenyooka kama mti wa hema. Lori halikanyagwi klachi na mguu usiokunjika, kwa hiyo siku ile udereva wake ukaisha. Tangu hapo mkewe, Dokata, ndiye ameilisha nyumba kwa kuuza maziwa sokoni.

Bomba la breki la lori lile lilikuwa limetoboka wiki moja kabla ya ajali. Bile ndiye aliyeliziba.

"Spea haikuwa Isiolo, na mwenye lori alikuwa na haraka," anasema, na sasa ametoa kichwa nje, amekaa kwenye tairi kuukuu. "Nikaipiga gesi. Nikasema iende, mbele nitabadilisha. Hiyo neno moja, iende. Nimelala nayo miaka sita."

Watu walimshauri asingizie mawe ya barabarani. Hakusingizia. Alienda hospitalini, akasimama kando ya kitanda, akakiri kosa lake mbele ya Dokata. Golicha alimtazama, akaomba maji, akanywa, akageukia ukutani. Kuanzia siku ile wawili hao wamekuwa wakisalimiana salaam aleikum na kuishia hapo. Chuma cha Golicha, hata kiwe jembe, kilipelekwa kwa fundi mwingine.

Mpaka mwezi uliopita, alipofika karakanani na gari hili likivutwa na punda wawili.

Ni gari la kuunganisha mwenyewe. Lilikuja kutoka ng'ambo ndani ya makasha, mali ya mzungu mchimba visima aliyetaka kuliunda kwa mikono yake. Aliunga nusu, akachoka, akarudi kwao. Golicha alilitwaa kwa ngamia wawili, wa mwisho aliokuwa nao. Anataka kubebea wagonjwa wa Garbatulla, ambao leo hii hungoja lori la mifugo hadi siku tatu.

"Mama yangu alingoja hivyo," anasema Golicha. "Lori ilikuja. Yeye hakuwa tena."

Tatizo ni kwamba injini iko mara tu nyuma ya kiti, hivyo kiti hakirudi nyuma hata inchi. Nafasi ya mguu lazima itafutwe mbele. Mafundi wengine wawili walilitazama gari wakacheka. Golicha hakucheka, akalileta kwa Bile. Kwa nini kwake?

"Hao wengine hawajui makosa inakuwa na uzito gani," anajibu. "Huyu anajua."

Bile amepima mguu wa Golicha kuanzia nyongani hadi unyayoni, akatoboa ukuta, akaunda sanduku la bati linalotokeza mbele, akaliunga kwa ribiti. Amemalizia kuliunganisha gari, amesogeza pedali, amerefusha waya wa klachi, na ameipanga klachi ili isukumwe kidogo tu, kwa nguvu ya kiuno. Mabomba ya breki ni mapya yote, yameagizwa Nanyuki. Hakuna lililozibwa.

Jumatano mchana, siku mbili baada ya msumeno ule, Golicha anakuja kujaribu. Dokata yuko nyuma yake na kibuyu cha maziwa. Kaburu, Mmeru anayeuza spea jirani, amefunga duka aje aone.

Golicha anafungua mlango, anavua viatu vyake vya akala, anavipanga chini vizuri, kisha anaingia. Mguu wa kushoto unateleza ndani ya sanduku la bati, umenyooka wote. Miaka sita! Dokata anajifunika mdomo kwa ncha ya shuka.

Golicha anasukuma klachi. Anasukuma tena, mishipa ya shingo imemsimama. Anajaribu gia, nayo inasaga kwa kelele.

"Haifiki mwisho," anasema polepole. "Imebaki kidogo."

Bile anainama, anapima. Sentimita tatu. Anazitazama akala pale chini, soli ya tairi la lori, nene, na uso wake unabadilika. Alimpima Golicha amesimama uani. Uani pa fundi wa kuchomelea pamejaa vipande vya chuma, hakuna anayesimama pale bila viatu. Lakini Golicha hajawahi kuendesha gari amevaa viatu, na Bile, aliyepanda naye mara nyingi zamani, alilijua hilo. Mtu mwingine angenyoosha goti kidogo yakaisha. Golicha hana goti la kunyoosha.

"Si avae tu hizo akala?" anauliza Kaburu.

"Nikivaa viatu gari siisikii," anasema Golicha.

"Basi piga kipande ya mbao kwa pedali, fundi. Gundi kidogo, iende."

Kaburu, maskini, hajui amesema nini.

Bile anasimama wima. "Haiendi," anasema. Kisha anamgeukia Golicha, mbele ya watu wote. "Nimekosea, ndugu yangu. Nilikupima na viatu. Nipe mpaka kesho."

Golicha anamwangalia kwa muda mrefu, kama alivyomwangalia hospitalini. Safari hii hageuki. Ananyoosha mkono nje, anaokota akala ya kushoto, anampa.

"Kata hii," anasema. "Si ndiyo ulipima?"

Bile anaikata soli kwa ukubwa wa pedali, anaiwekea bati mgongoni, anaifunga kwa bolti mbili, kila moja na nati mbili. Anaivuta kwa koleo kwa nguvu zake zote. Haitikisiki. Golicha anakaa tena, anasukuma, na gia inaingia kimya. Anazunguka uwanja mara tatu. Bile anageukia ukuta wa karakana na kufuta macho kwa kitambaa chenye grisi, asijali nani anamwona.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, Golicha ataelekea Garbatulla. Njia inapita kwenye laga ile ile. Bile ameomba kiti cha kando. Dokata alipinga, akasema wakipinduka nyumba mbili zitalia badala ya moja. Golicha alimkatiza.

"Mwache. Kiti ni yake."

Kisha akaenda zake nyumbani na akala moja mguuni, mguu mwingine mtupu.

Bile anakusanya misumeno yake. Tumaini lake, anasema, ni kuteremka ule ukingo akiwa ndani ya gari.

"Breki ikishika, tutashuka tuswali pale mchangani," anasema. "Isiposhika, angalau safari hii sitakuwa karakana nikingoja kuletewa habari."