Hita za Malori ya Jeshi Katika Joto la Malindi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja nje kidogo ya mji wa Malindi, Fundi Mkuu alinipa spana, akanionyesha lori kuukuu la jeshi, akasema, "Kijana, kazi yako ni kutia hita."

Nikacheka. Jua lilikuwa kali hata mbwa wa mlinzi alikuwa amelala chini ya lori, ulimi nje. Nilidhani mzee ananitania.

"Wacheka nini? Malori haya hayakai hapa. Wenyewe, raia walioyanunua jeshini, wayapenda kwa ukale wake, na tukishayatengeneza huenda nayo Nyahururu na Kinangop. Huko kwenye baridi kioo kikiingia ukungu, dereva haoni mbele, na asiyeona mbele huua watu. Ingia chini!"

Nikaingia chini, na kwa kweli sikutoka tena mpaka nilipostaafu.

Nyinyi vijana mnaoendesha magari ya kubonyeza vidude, nisikilizeni. Hita ya lori lile haina makuu. Maji ya moto hutoka kwenye injini, yakapita katika mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni huipuliza ile rejeta, na joto likaingia kebini. Kuna koki ya kuyafungulia na kuyafungia hayo maji. Adui wetu alikuwa hewa. Ikinasa ndani ya mpira, maji hayapiti, nawe utahangaika kutwa nzima. Dawa yake ni kupandisha lori tutani, pua juu, na kulegeza kibana cha mpira mpaka mapovu yote yatoke.

Kazi ngumu ilikuwa kujua kama hita yenyewe yafanya kazi. Kwa joto la Malindi, mkono ni shahidi wa uongo! Utauweka mbele ya hita, utasikia moto, kumbe ni moto wa Mungu tu. Fundi Mkuu, mzee wa Mambrui aliyevaa kofia safi hata akiwa uvunguni mwa gari, alikuwa na mbinu yake. Alichukua vikombe viwili vya mafuta ya nazi, akavigandisha katika barafu ya wauza samaki. Kimoja akakiweka mbele ya hita, cha pili kivulini. Cha hita kikitangulia kuyeyuka kwa mbali, lori limepita. Vikiyeyuka sawasawa, alikunja uso na kusema, "Fungua tena." Gereji nzima ilisimama kutazama vikombe vile, kila mtu akishangilia chake.

Baadaye Bwana Meneja, aliyekuwa mkubwa wetu sote, akanihamishia Marereni, tulikokuwa na banda karibu na mashamba ya chumvi. Wachukuzi wa chumvi waliponiona na mipira yangu walikufa kwa kicheko. "Fundi wa hita, hukuleta na blanketi?" Nami niliwajibu, "Mtaniomba siku moja!" Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Mke wangu, Dama, alishika mimba yetu ya kwanza hukohuko. Uchungu ulimwanza asubuhi moja ya masika, barabara imekatika kwa maji. Mkunga akampapasa, akatikisa kichwa. "Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa hospitali, tena leo." Magari madogo hayakuweza kuvuka. Kwa bahati, Fundi Mkuu alikuwa amekuja kukagua lori la mteja, refu kama ghorofa, nimelitia hita juzi tu.

"Mpandishe mkeo, mwanangu," akasema, akashika usukani.

Maji tuliyavuka vizuri. Lakini tope na majani yaliziba rejeta kubwa, ile ya mbele inayopoza injini. Tuliyaondoa tuliyoweza, mengine yakakataa. Mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Injini ikifa pale njiani, nampoteza Dama na mtoto. Niliogopa, jamani. Niliogopa hata sala zikanipotea.

"Karisa, fungua hita!" Fundi Mkuu akaamrisha.

"Fundi, kwa jua hili?"

"Maji ya moto tuyagawe! Rejeta kubwa imeshindwa, ndogo iisaidie. Fungua koki, washa feni mpaka mwisho!"

Nikafungua. Lahaula! Joto lililotupiga usoni sijawahi kuliona tena. Jasho lilinitiririka mpaka viatuni. Kofia ya Fundi Mkuu ililowa chepechepe. Dama, kichwa amekitoa dirishani, akaguna, "Karisa, mimi ni mke wako au muhogo wa kuchoma?" Nikacheka na machozi yananitoka, kwa sababu mshale ulikuwa umesimama. Halafu ukaanza kushuka.

Tukapita Mambrui, tukavuka daraja la Sabaki, tukafika hospitali ya Malindi. Muuguzi akatoka mbio, akatutazama. Dama amesimama wima. Mimi na Fundi Mkuu tumeegemea lori, tunahema.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza.

Mtoto alitoka salama, msichana, sauti ya kuamsha mtaa. Tukampa jina la mama yangu, Kadzo. Wachukuzi wa Marereni walipopata habari hawakunicheka tena. Walinijia na madereva wao, kila mmoja ataka hita.

Nimestaafu sasa. Naishi Tezo, nalima mihogo na mikorosho, na mgongo unanikumbusha kila uvungu niliolalia. Sijutii hata mmoja. Kazi ambayo watu wanakucheka kwayo ina raha yake, mradi uifanye kwa haki.

Siku ya kuniaga, Bwana Meneja alisimama mbele ya watu akauliza, "Mzee Karisa, katika kazi zako zote, ipi iliyotoka vizuri kuliko zote?"

Sikufikiri mara mbili. Nikamwonyesha Kadzo, mtu mzima sasa, amekaa mstari wa mbele.

Dama akaruka kitini. "Hebu ngoja! Kazi hiyo niliifanya mimi. Wewe ulitoa jasho tu!"