Alama Nne kwa Maji ya Ripeni

Mwanafunzi ambaye sikuwahi kumwona ana kwa ana aliingia ofisini kwangu amekumbatia birika la bati lenye maji. Akalitua mezani, juu ya makaratasi yangu, akasema, "Pima mwenyewe, Madam."

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Machi. Nilidhani amechanganyikiwa.

Tulieni niwaeleze vizuri, maana hili jambo limenikaa kooni mwaka mzima na leo nalitema.

Naitwa Veturia. Nafundisha kemia kwenye chuo fulani hapa mjini Iași. Miaka kadhaa nyuma nilibebeshwa kozi ya mtandaoni ya watu wasiosoma sayansi: wanasheria, waandishi wa habari, watu wa fasihi. Lengo lilikuwa zuri tu. Mtu asidanganywe na kila tangazo la dawa, ajue kusoma namba, ajue kuuliza hii imepimwaje.

Wao waliiona ni kozi ya kupitia. Kamera zimezimwa, mtu anasikiliza huku anakaanga mayai.

Zoezi kubwa la muhula lilikuwa moja. Kila mwanafunzi namtumia kwa posta bahasha ya vikaratasi vya kupimia maji. Unachovya, rangi inabadilika, unalinganisha na chati, unaandika. Tulikuwa tunapima naitreti, ile chumvi inayotoka kwenye mbolea na samadi na kuzama mpaka visimani. Mwisho unaoruhusiwa ni miligramu hamsini kwa lita.

Na sisi kwa kukopi hatujambo. Mwaka ule watu kumi na mmoja waliniletea kisima kimoja, namba zilezile, kosa lilelile la hesabu. Mmoja wao anaishi ghorofa ya saba, hana kisima wala ndoo.

Nikawafelisha wote. Nikajiona mjanja kweli, nikawa nasoma kazi za wanafunzi kama trafiki anayekagua leseni.

Ndipo ikaja kazi ya Smaranda Holban, mwaka wa pili wa sheria, kutoka kijiji cha Ripeni.

Kipimo cha kwanza: mia tatu.

Cha pili, siku mbili baadaye: mia nne.

Nilicheka peke yangu. Siku mbili tu na namba imepanda mia nzima? Huyu hata kudanganya hajui, nilijisemea. Kazi ilikuwa na kurasa nne. Niliishia ya pili.

Nikamwandikia: "Maji ya kijijini hayafiki hapo. Namba hizi umezitunga." Nikampa alama nne kati ya kumi. Kwetu kufaulu kunaanzia tano.

Hakujibu, hakulalamika. Nikasema moyoni, nimemkamata.

Sasa turudi kwenye birika, maana aliyelileta ndiye huyo Smaranda.

Nilichukua kikaratasi, zaidi ili nimalizane naye. Nikachovya. Kikaiva zambarau iliyokolea, mbali kabisa na rangi ya hamsini kwenye chati.

"Hili birika umelitoa wapi?"

"Jikoni kwa bibi. Ndilo lililokuwa linachemsha maji ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Kumbe hukusoma," akasema.

Basi akanihadithia, amesimama vilevile. Dada yake Catrinel alirudi kutoka Italia, alikokuwa akitunza wazee, ili ajifungulie kwao. Maziwa hayakutoka, mtoto, Iustin, akawa anapewa ya unga ya kopo. Bibi yao Paraschiva, mtu asiyemwamini daktari wala padri, akauliza kama maji ya kisima yanamfaa mtoto mchanga. Smaranda akamwekea video yangu kwenye simu, palepale jikoni.

Somo la tatu. Mimi mwenyewe, nimepaka rangi ya mdomo, natabasamu, nasema maji ya kisima usiyaamini, yachemshe kwanza.

Nilikuwa naongelea vijidudu. Sikusema kwamba naitreti haiondoki kwa moto, kwamba maji yakipungua, chumvi hiyo inabaki na kuzidi makali. Niliona ni mambo mengi kwa watu wa sheria.

Bibi alilipenda lile somo. Birika likawa linakaa juu ya jiko la kuni tangu alfajiri, linachemka mpaka maji yanapungua kabisa. Kisima chenyewe kiko hatua sita kutoka zizi la ng'ombe.

Kipimo cha pili kilikuwa cha maji ya birika. Hilo liliandikwa ukurasa wa tatu, kwa herufi kubwa. Na ukurasa wa nne kulikuwa na swali, ambalo nimelisoma mara nyingi mno tangu siku ile: "Madam, kwa nini namba imepanda baada ya kuchemsha? Tuna mtoto wa wiki tano. Anywe haya maji au tuyaache?"

Jibu langu alilipata. Umezitunga.

Akawaambia nyumbani kwamba profesa amesema maji ya kijijini hayafiki huko, kwamba yeye ndiye aliyekosea kupima. Wakamshukuru Mungu. Wakaendelea.

Siku tisa baadaye Iustin akawa wa buluu midomoni na kwenye kucha, maana naitreti huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa. Bibi akadhani ni baridi, akamfunika, akampa chupa nyingine. Theluji ilikuwa inayeyuka na barabara ya Ripeni ni tope tupu. Gari la wagonjwa lilichelewa. Mtoto alifia njiani.

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema pole.

"Sikufuata pole," akasema. "Dada haongei na mimi. Anasema nilikuwa na karatasi mkononi nikamwachia mwanawe anywe. Bibi anasema mimi ndiye niliyemletea ile video. Niandikie barua, Madam. Useme nilipima sawa, na wewe ndiye uliyesema nimetunga. Nikawasomee."

Nikamwambia nitaiandika kesho.

Kesho yake nikamweleza mkuu wa idara. Akaniambia kwa upole ninyamaze, maana barua ya namna hiyo ikitoka ni kesi. Nami nilifurahi kukatazwa. Naliandika hili kama lilivyo: nilifurahi.

Badala ya barua nikaingia kwenye mfumo nikabadilisha ile nne ikawa kumi.

Akaniandikia mstari mmoja. "Sikuomba kumi." Kisha akaacha chuo. Nasikia yuko Italia, anawatunza wazee walewale aliokuwa akiwatunza dada yake. Nyumbani hajakanyaga.

Mimi bado nafundisha kozi ile. Video nimeirekodi upya, na wanafunzi wananisifu.

Fundisho ni hili, na halinipendezi. Ukimfundisha mtu kupima, siku akikuletea namba usiyoitarajia msome mpaka mwisho kabla hujamwita mwongo. Miaka yote nilihubiri kwamba ushahidi ndio unaoamua. Ushahidi ulipokuja kutoka kijijini, kwa mwanafunzi wa sheria, nikauona ni feki kwa sababu nilishazoea kukamata feki.

Catrinel, Bibi Paraschiva, kama kuna mtu wa Ripeni wa kuwasomea haya: Smaranda alipima sawasawa. Aliuliza, na aliuliza mapema. Mimi ndiye niliyemwambia ametunga. Jina langu kamili ni Veturia Hrițcu, na haya maandishi mnaweza kuyapeleka popote.