Mkwaruzo wa Tano

Shangazi yangu aliuza nyama buchani miaka ishirini kabla makumbusho hayajamchukua kusafisha mifupa ya dinosaria. Watu walicheka. Yeye hakuona cha ajabu: mfupa ni mfupa, na hawa hawana wateja wa kulalamikia mafuta.

Kazi yake ni kukwangua jiwe lililoganda kwenye mfupa, kwa sindano ya chuma, punje kwa punje. Mwaka jana alipewa ubavu wa dinosaria mla majani, mrefu kama benchi, wenye mikwaruzo minne ya meno. "Aliyemla huyu hakuwa na haraka," alimwambia Daktari, bosi wake, ambaye udaktari wake ni wa mawe, hatibu mtu. "Alikwangua mnofu kwa meno ya mbele. Mwenye haraka angevunja."

Daktari alifurahi, akaenda kunywa chai. Simu ikaita. Alikuwa mama yangu, anaulizia sufuria yake. Sindano ikateleza, mikwaruzo ikawa mitano.

Shangazi akanyamaza. Namlaumu kwa hilo, na sufuria nayo ilikuwa kwake.

Miezi miwili baadaye Daktari akamsomea makala aliyoiandika. Mikwaruzo minne imeelekea upande mmoja, wa tano umekatiza; kwa hiyo mnyama alishiba, akaondoka, akarudi siku nyingine kumalizia. Makala yote ilisimama juu ya ule wa tano. Mkataba wa Shangazi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wa kutia sahihi mkataba mpya ndiye huyo aliyekuwa akisoma.

"Daktari," akasema, "huo wa tano ni wangu."

Daktari akachukua lenzi. Minne ilikuwa ya kahawia hadi ndani, wa tano mweupe pe. Angeweza kuliona hilo mapema, lakini furaha ilimziba macho.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na unasema leo?"

"Nilikuwa naogopa. Hata sasa naogopa."

Daktari akafuta kurasa sita za makala kwa kalamu. Kisha akavuta droo yenye mifupa yote aliyoisafisha Shangazi kwa miaka tisa.

"Humu je, kuna mingine?"

"Hakuna."

Shangazi hakuwa na ushahidi ila mdomo wake, ule ule ulionyamaza miezi miwili. Daktari akaisukuma droo ikafungika, akampa ubavu mwingine asafishe.