Mzee Subiri na Daraja la Kuinuka

Zamani mto ule ulivukwa kwa pantoni. Kisha ikajengwa barabara kuu, na katikati ya daraja wakaweka kipande cha chuma cha kuinuka ili meli zipite. Kwa miaka thelathini na moja kiliinuliwa na mtu mmoja, kutoka kibanda cha upande wa mashariki. Madereva walimwita Mzee Subiri, na hilo ndilo la heshima, mengine hayaandikiki.

Sheria yake ilikuwa moja: "Meli haisubiri, watu husubiri." Alisubirisha maharusi, majeneza na mawaziri bila ubaguzi. Mkewe aliposhikwa na uchungu, teksi ilifika kizuizini meli ikiwa imeshapiga honi. Mzee alimwona vizuri kabisa. Akainua daraja. Binti yao alizaliwa kiti cha nyuma, na mpaka leo anaitwa Kizuizi.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," mkewe alizoea kumwambia akimimina chai. "Siku yako yaja."

Mzee alitaka kumwomba msamaha, lakini nyumbani ulimi ulikuwa mzito. Kisha kando ya lile la zamani likajengwa daraja jipya, na lilipokamilika akapangiwa cheti na kipaza sauti siku ya uzinduzi. Mbele za watu angeweza. Alifanya mazoezi kwenye kioo wiki nzima.

Asubuhi hiyo aliagizwa kuinua lile la zamani, libaki juu daima. Akainua, fundi umeme akakata waya. Mzee akavaa koti, akafunga kibanda, akashuka, ndipo akakumbuka kwamba jukwaa liko magharibi. Maisha yake yote hakuwahi kuliinua asilishushe. Daraja jipya nalo lilikuwa na utepe, na askari hakutaka maelezo: havuki mtu mpaka mgeni rasmi aukate.

Ng'ambo walishamwita mara mbili. Akampigia simu mkewe, aliyekuwa ameshaketi jukwaani.

"Mama Kizuizi, nimekwama huku. Waambie wanisubiri."

Vipaza sauti vikaleta sauti ya mkewe juu ya maji. "Mume wangu anaomba mumsubiri. Mimi nilimsubiri dakika arobaini na uchungu wangu. Endeleeni na ratiba."

Watu walicheka sana. Mzee aliona aibu, akaiona haki pia. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Mke wangu, nisamehe."

"Nini? Kuna kelele hapa."

"Nisamehe!" Askari akageuka kumtazama.



"Haya, nimesikia. Kaa hapo hapo usubiri. Utepe ukikatwa, nakuja."