Mfalme Aliyepewa Mtamba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na ndevu. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Zilikuwa manyoya ya kondoo yaliyobandikwa kidevuni kwa uji mzito, maana shule yetu ilikuwa ya wasichana na mimi ndiye niliyepewa kuigiza mfalme.

Ilikuwa Isiolo, miaka ya themanini, baada ya ule ukame mkubwa. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi huko Garbatulla. Ukame ukawamaliza wote. Tukahamia Chechelesi, kando ya mji wa Isiolo, na baba akawa wa kukaa nje ya mlango tangu asubuhi, shuka mabegani, hazungumzi. Sasa, kwetu Waborana, aliyepoteza mifugo huenda mbele ya wazee wa ukoo akasema shida yake, na kila mwenye mnyama humchangia. Tunaita gonofa. Si sadaka, ni haki yake. Lakini baba alikataa kwenda. "Imeandikwa," alisema. "Nitabishana na Mungu?" Mimi nilijua kinachomzuia ni aibu. Mtu aliyezoea kutoa, kupokea kulimshinda. Mama aliniambia kwa siri kwamba tutakuja kumzika palepale mlangoni.

Mwalimu wetu, Mmeru mpole mwenye sauti nzito, alipenda sana michezo ya huzuni ya Wagiriki wa kale. Alitueleza kwamba watu wale waliketi nje, mji mzima, wakimtazama mtu mkubwa akianguka. Walitaka kujua kama mateso yake ni ya haki, na mtu afanye nini na jambo alilopangiwa. Pembeni husimama kundi la wazee. Wanaona kila kitu, wanaimba, wanalia, ila hawaingilii. Akatutungia mchezo wa namna hiyo: mfalme ametabiriwa kwamba mifugo yake itakufa, anaikimbiza mbali ili aiokoe, na huko anakoipeleka ndiko inakofia.

Tuliuigiza uwanjani, mbele ya wazazi. Baba alikuwepo, kwa kuburutwa na mama, ameketi nyuma ya wazee wa ukoo. Nilipopiga magoti na kusema sina hata ndama, sikuwa naigiza tena. Wenzangu walioigiza lile kundi la wazee, wamefunga vilemba na kushika bakora, wakaanza kuimba majonzi yao.

Hapo akasimama mzee Guyo, mkubwa wa ukoo wetu, akaingia katikati ya mchezo.

"Nyamaza!" akawaambia. "Nyinyi ni mzee ya wapi? Ngombe ya mtu imekwisha, nyinyi nasimama tu naimba? Hapa hakuna ukoo?"

Mwalimu akajaribu kumweleza kwamba Wagiriki ndivyo walivyofanya.

"Hiyo ni shauri ya Mgiriki. Hii mfalme ni yetu." Akanigeukia. "Inuka, mfalme. Mimi natoa mtamba."

Mwingine akapaza sauti akitoa mbuzi, mwingine ngamia wa maziwa. Uwanja ukajaa vigelegele, nami bado niko magotini, ndevu zinateleza kwa machozi. Kisha mzee Guyo akamtafuta baba kwa macho.

"Mfalme ya mchezo tumemaliza," akasema. "Ile ingine anangoja nini?"

Baba akasimama. Shuka likamdondoka, hakuliokota. "Salaam aleikum, wazee," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Garbatulla. "Ng'ombe wangu wamekwisha. Nimekuja kwa ukoo." Nikapiga kelele za furaha ambazo hazikuwa kwenye mchezo. Hadi leo sijaona kitu kizuri kuliko kile.

Mtamba alifika Chechelesi baada ya mvua, mwekundu, mkorofi ajabu. Maziwa uliyokuzwa nayo wewe yalitoka kwa kizazi chake.

Basi nisikilize. Wagiriki walisema kweli: balaa humpata hata asiye na kosa, na kiburi huizidisha. Usimalize maisha yako ukiuliza kwa nini wewe. Kuanguka huenda kumeandikwa, lakini kuinuana tumeachiwa sisi. Ukianguka, simama mbele ya watu wako useme. Ukimwona mwingine chini, usiwe wa kuimba pembeni.

Mungu akupe mvua na mifugo, mwanangu. Na siku utakayokosa vyote viwili, akupe watu wasioweza kukaa wakatazama tu. Amin.