Meli Iliyoinama Ndani Hamna Hata Paka

Jumanne saa tatu asubuhi meli mpya ya doria, tani mia tisa, iliinama upande wa kushoto. Imefungwa gatini, maji yametulia, ndani hamna hata paka.

Mtu aliyetakiwa kujua kwa nini ni mimi.

Kazi yangu ni uzito. Msicheke. Kwenye karakana ya kuunda meli lazima awepo mtu wa kuandika kila kinachoingia: injini, nyaya, vitanda, mpaka sufuria za jikoni. Bila saini yangu hakiingii kitu.

Na hii meli ilikuwa na mambo, jamani. Mwanzoni ilikuwa ya kufukuza wezi wa samaki, basi. Halafu kila ofisi ikaja na kitu chake "kidogo tu".

Wa mzinga wakataka mzinga mbele. Wa zimamoto wakataka mabomba ya kurusha maji. Wengine boti mbili za mwendo kasi za kushushwa kwa nyuma, wengine uwanja wa ndege zisizo na rubani. Nyuma ikaachwa nafasi ya makontena: leo unabeba mitambo ya kunasa mafuta yaliyomwagika, kesho mahema ya waliokumbwa na mafuriko.

Nesi wa karakana yeye aliomba kliniki ya vitanda sita. Aliiomba miaka miwili. Akapewa, upande wa kushoto.

Sasa siku ile tulikuwa tunafanya jaribio la mwisho. Watu wote wanashuka, unaning'iniza timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, ndani ya meli, unahamisha vyuma vizito huku na huku, unasoma timazi imesogea kiasi gani.

Timazi ilisogea kabla hatujahamisha chochote. Digrii moja na nusu.

Bosi, mkuu wa usanifu, aliitazama, akanigeukia.

"Kushoto kuna nini ambacho kulia hakuna?"

"Kliniki," nikasema. "Lakini niliisawazisha na matangi ya..."

"Itolewe."

Nesi alikuwa amesimama pale pale.

"Bosi, hii meli ikiokoa watu baharini, itawalaza wapi? Juu ya mzinga?"

"Ijumaa," Bosi akaniambia mimi. "Usipopata sababu nyingine, nasaini kliniki itoke."

Siku mbili nilipima kila kitu. Nilihesabu boliti. Nilipanda, nikashuka, nikaingia kwenye tangi tupu na tochi, nikatoka nanuka kutu. Hesabu zangu zote zilikuwa sawa, na meli bado imeinama.

Alhamisi mchana nikakaa gatini, nimechoka hoi, nimeegemea ubavu wa kushoto. Bega likabandua gamba la rangi.

Gamba lilikuwa nene kama soli ya kiatu.

Nikalikata kwa kisu, nikahesabu matabaka. Kumi na tisa. Nikachukua mtumbwi, nikazunguka upande wa kulia, nikakwangua. Mawili.

Msimamizi wa wapaka rangi ni baba mkwe wangu. Nilimkuta stoo anaosha brashi.

"Baba, shikamoo. Mbona kushoto kuna rangi yote ile?"

"Marahaba. Wageni si wanapita upande wa gati? Kila wakija wakubwa naambiwa meli ing'ae. Nasawazisha mabonde kwa ile dawa nzito, napaka upya."

"Na kulia?"

"Kulia nani anaona? Samaki?"

Nikapiga hesabu palepale, ukutani, kwa chaki. Tani nne na nusu.

"Nani aliruhusu?"

Alifuta mikono taratibu, akafungua kabati, akanipa faili. Fomu kumi na saba. Kila moja ina saini yangu, na kwenye nafasi ya uzito nimeandika kwa mkono wangu: *mdogo, hauna maana*.

"Nilijua umesoma, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Nakala ni hiyo hiyo moja," akaendelea, sauti ya chini. "Ikipotea, kliniki inatoka, wewe unabaki kazini, binti yangu anakula. Mimi sijaona kitu. Amua."

Nilirudi nayo nyumbani. Mke wangu aliniuliza mara tatu nina nini. Nikamwambia nimechoka. Niliona aibu kumwambia nilikuwa nafikiria kuichoma.

Ijumaa Bosi alikuwa tayari ameshika kalamu. Nesi alikaa kwenye kona, mchoro wa kliniki yake mapajani. Ule mchoro ndio ulionishinda. Nikaweka faili mezani.

"Siyo kliniki. Ni rangi. Nilisaini mimi."

Bosi alisoma fomu ya kwanza. Ya pili. Alizisoma zote, na mimi nasubiri kufukuzwa.

Kisha akafunga faili, akalisukuma kwangu.

"Kliniki ibaki. Rangi ikwanguliwe."

Basi. Hakuna barua, hakuna onyo. Nilipolichukua faili nikaangalia chini ya saini yangu, mahali ambapo kwa hofu sikuwahi kutazama. Kila fomu ilikuwa na muhuri wa Bosi mwenyewe: *Imeonwa. Endelea.*

Ila hakuniacha hivihivi. Nilikwangua ubavu ule siku tisa bega kwa bega na baba mkwe, ambaye hakuacha kunikosoa ninavyoshika chombo.

Siku ya kumi jaribio lilirudiwa. Meli ikanyooka wima. Mimi sikunyooka. Mgongo ulikaza nikiwa nimeinama, wakanibeba wanne.

Nesi akanilaza kitanda namba moja. Meli haijasafiri hata hatua moja, tayari ina mgonjwa.

"Umeona kazi yake?" akaniuliza, anachoma sindano.

Nimeona, dada.

Funzo langu ni hili, lichukue ukitaka: kabla hujaandika kwamba kitu ni kidogo, kipime. Na ukiharibu, sema mapema, kabla hajaadhibiwa mwingine.